Waka, Lewa, Nawa

Mwaka 2010 nilifungua kibanda umiza, banda la kuonyesha mpira kwa kiingilio, pale Mwanga, Kigoma, kwa hela isiyo yangu. Dada yangu mkubwa alikuwa akifanya biashara ya mawese, anakusanya madumu vijijini na kuyapakia kwenye treni ya Tabora, na fedha ya msimu ule alinipa mimi nimfichie kwa sababu nyumbani kwake pesa haikai. Niliificha kweli. Niliificha ndani ya jenereta, televisheni ya inchi 29, dishi, na spika moja yenye mdomo mpana kama ua la boga.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi na mpaka leo siioni kuwa ya kijinga sana. Kombe la Dunia lilikuwa linakuja Afrika kwa mara ya kwanza, kuanzia Juni 11 hadi Julai 11, mechi 64. Mkubwa shilingi 300, mtoto shilingi 100. Kabla dada hajaiulizia hela yake ningekuwa nimeirudisha ilikotoka na mimi nimebaki na jenereta. Na jenereta ndiyo ilikuwa mpango mzima. Miaka hiyo umeme wa Kigoma ulikuwa wa mashine za dizeli za hapahapa mjini, gridi ya taifa haijatufikia bado, na ulikuwa unakuja kwa zamu. Mtu akiwa na kitu cha kunguruma nyuma ya nyumba, mtaa mzima unamsalimia vizuri.

Jaribio la kwanza lilikuwa Juni 7, Brazil walipokuja Dar es Salaam kujinoa kwa Taifa Stars. Tulipigwa 5-1: Robinho mawili, Ramires mawili, Kaká moja. Lakini Jabir Aziz alipofunga lile letu, benchi la mbele lilikatika katikati na watu wapatao kumi wakaenda chini huku wanacheka. Hakuna aliyeniuliza habari ya benchi. Mimi mwenyewe nilishangilia kwanza, ndipo nikakumbuka kwamba mbao nilikuwa nimezikopa kwa fundi.

Wimbo niliupata kwa kijana mmoja mwenye kompyuta karibu na soko la Mwanga, aliyekuwa akijaza muziki kwenye memori kadi, shilingi mia kila wimbo. Nikamwambia anipe ule wa Kombe la Dunia. Akaniuliza, upi? Kumbe ilikuwa miwili. Mmoja wa K'naan, Msomali wa Kanada, unaitwa Wavin' Flag, ambao Coca-Cola waliuchukua kwa matangazo yao. Mwingine ndio rasmi wa FIFA, Waka Waka, wa Shakira wa Colombia akiwa na Freshlyground, kundi la Afrika Kusini. Nilisikia baadaye kwamba kule Afrika Kusini wapo walionuna: kombe letu, nyota wa mbali. Mimi nilitoa mia mbili nikachukua yote.

Wa K'naan ni wimbo mzuri, na nikiwa peke yangu ndio ninaousikiliza mpaka leo. Lakini kibandani haukuita mtu. Nikiuweka, wapita njia wanapita. Nikiweka wa Shakira, watoto wanatoka uchochoroni kama wameitwa majina.

Nilikaa nikaelewa kwamba ni ile lugha. Katika mji wa umeme wa zamu, waka ni neno ambalo kila mtu alikuwa analisema kila jioni akitazama taa iliyo juu ya kichwa chake. Jiko la mkaa likigoma unaliambia waka. Simu iliyolowa unaiambia waka. Na mimi, kabla ya kila mechi, nilikuwa nainama nyuma ya kibanda navuta kamba ya jenereta mara saba, mara nane, shati limeshika mgongoni, watoto wamenizunguka nusu duara. Mvuto wa tisa mashine inakohoa, wa kumi inakohoa tena, na watoto wanaipigia makofi: waka! waka! Ikishika tu, nachomeka spika, na spika nayo inatoa neno lilelile. Walidhani nimepanga. Wiki ya pili mtaa mzima ulikuwa unaniita Waka, na hata mama yangu mzazi alianza kuulizwa, “Mama Waka, leo kuna mechi?”

Halafu kulikuwa na mpiga debe mmoja wa stendi, mtu wa maneno, akinywa kidogo anageuka mwalimu. Usiku mmoja alisimama mbele ya televisheni kabla ya mpira kuanza, akanyoosha kidole kwenye spika. “Sikilizeni vizuri huyu dada anasema nini. Waka. Eeh? Kisha hapo mbele anasema lewa. Mmesikia lewa? Anamalizia, anawa. Ni mpangilio huo. Mtu anawaka kwanza, analewa, akimaliza ananawa mikono ale ugali wake alale.” Kibanda kilivunjika mbavu. Tangu usiku huo ukifika mwisho wa kiitikio, watu wazima wenye ndevu zao walikuwa wanasugua viganja hewani kama wako mbele ya birika. Nenda ukasikilize mwenyewe uone kama utaacha kuisikia hiyo lewa. Hutaacha.

Kwa hiyo sisi tulishakubaliana kwamba wimbo ni wa Kiswahili, dada wa watu ameuazima tu.

Aliyekuja kutuharibia ni Papa. Alikuwa fundi cherehani, Mkongo wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, aliyekaa Kigoma miaka mingi lakini hajawahi kukubali kuitikia marahaba. Ukimpa shikamoo anakujibu, “Jambo, mwanangu,” basi. Alikuwa anashonea barazani jirani na kibanda changu na spika yangu ilikuwa inamwingia sikioni kutwa. Nikajua iko siku atakuja kulalamika. Alikuja, siku Cameroon wanacheza, ameshika kaseti.

“Waka,” akaniambia, “hii wimbo si ya huyu mwanamuke. Hii ni ya Bakameruni, ya zamani. Miye ningali kijana, siye tulicheza hii ku Kalemie.”

Nilimjibu kama unavyomjibu mzee, ndiyo Papa, sawa Papa. Akanipa kaseti. Ilikuwa ya kurekodiwa, lebo ya karatasi imeandikwa kwa bolpeni ya bluu, Zangalewa, wino umesambaa kwa unyevu. Utepe ulikuwa umelegea. Akatoa penseli ya kuchorea vitambaa kutoka sikioni, akaichomeka kwenye tundu la kaseti, akazungusha taratibu mpaka utepe ukakaza, bila kuangalia mikono yake. Redio kaseti ilikuwa yake pia. Nikachomoa waya kwenye televisheni nikaupeleka huko.

Ulianza kwa sauti za kiume na mwendo wa kijeshi. Mtu mmoja anatoa, wengine wanapokea. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaujua mwendo ule miguuni mwake: ni mchakamchaka, alfajiri, vumbi, mwalimu wa zamu na fimbo yake. Na katikati ya mchakamchaka huo, mambo yetu yaleyale, waka, lewa, nawa, yote, herufi kwa herufi. Mpiga debe alikaa chini. Kuna mtu akasema, “Kwa hiyo ameiba?” Papa akacheka. Akasema yeye hajui mambo ya kuiba, anajua tu kwamba alipouoa mguu wake wa kwanza kwenye dansi ulikuwa ni kwa wimbo huu. Hicho Kiswahili chake sikukielewa vizuri, lakini nilielewa.

Miaka ya baadaye nikasoma habari zao. Walikuwa wanajiita Golden Sounds, askari wa kikosi cha kumlinda rais wa Cameroon, na walitoa wimbo huo mwaka 1986. Ulipendwa mpaka kundi lenyewe likabadili jina na kujiita Zangalewa. Video yake nimeiona: wamevaa sare za kijeshi na wamejaza mito ndani, matumbo mbele, makalio nyuma, wanachechemea kwa adabu zote. Askari wanawacheka askari. Na jinsi ulivyofika Colombia si maajabu. Huko Barranquilla, mji wa bandari alikozaliwa Shakira, na pwani yote ile, muziki wa Afrika ulikuwa unapigwa mitaani zamani kwenye spika kubwa za kupakwa rangi, watu wanacheza bila kujua lugha. Kama sisi tu na memori kadi. Wazee wale waliposikia sauti yao duniani walikaa mezani na upande wa Shakira, wakaafikiana. Nilifurahi kusikia. Mimi nilikuwa nimemlipa kijana wa kompyuta shilingi mia.

Cameroon, wenye wimbo wao, walifungwa mechi zote tatu. Papa alishona suruali siku hiyo ya tatu bila kunyanyua kichwa.

Timu za Afrika zilikuwa sita na moja baada ya nyingine zikatoka, ikabaki Ghana. Hapo ndipo kibanda kilipoanza kulipa. Ghana walipowatoa Marekani kwa dakika za nyongeza nilijaza mpaka watu wakakaa juu ya ukuta wa jirani, na siku hiyo umeme wa mji ulikuwapo, sikuchoma hata tone la petroli. Ningekuwa na akili ningejifunza pale kwamba mpira siku hizi una dakika 120. Sikujifunza. Nilihesabu faida.

Ijumaa, Julai 2, robo fainali, Ghana na Uruguay, saa tatu na nusu usiku kwa saa za kwetu. Umeme hakuna. Niliweka petroli ya lita mbili na nusu, kipimo changu cha siku zote, kinachotosha nyimbo za kuitia watu, mechi nzima na dakika chache za kuhesabu hela. Watu waliingia mpaka nikaacha kutoza watoto. Muntari akafunga kutoka mbali mwisho wa kipindi cha kwanza na mimi nikanyanyuliwa juu na watu nisiowajua. Forlán akarudisha kwa mpira wa adhabu. Tisini zikaisha 1-1. Nikasikia mtangazaji anasema nyongeza, na tumbo langu likajua kabla yangu. Nikatoka nje kwenda kufungua mfuniko wa tangi na tochi. Chini kabisa, inameremeta kidogo. Vijana wanaouza petroli kwenye chupa barabarani walikuwa wote ndani ya kibanda changu, wamelipa, na chupa zao zimeisha.

Nikakaa palepale nje, mkono juu ya mashine, kana kwamba ni ng'ombe mgonjwa.

Mtu wa jenereta anajua kitu kimoja. Mafuta yakikaribia kukauka, mashine haipoi kwanza. Inapandisha. Inanguruma kwa nguvu, taa inang'aa kuliko ilivyong'aa usiku wote, na asiyejua anafurahi. Nilisikia ngurumo hiyo ikipanda sambamba na kelele za ndani: Suárez ameuzuia mpira kwa mikono kwenye mstari, kadi nyekundu, penalti ya Ghana, dakika ya mwisho ya 120. Afrika inaingia nusu fainali kwa mara ya kwanza. Gyan anauweka mpira. Taa ikang'aa nyeupe. Kisha kimya.

Giza la watu mia na zaidi lina harufu yake. Kwa sekunde moja hakuna aliyepumua. Halafu mtoto mmoja, wale wangu wa makofi, akaanza: waka, waka. Wengine wakapokea. Kibanda kizima, watu wazima, wanapiga miguu chini, waka! waka! na mimi navuta kamba ya mashine isiyo na kitu tumboni, navuta, navuta, naona aibu ya kusema kwamba mafuta yameisha. Ng'ambo ya ukuta mlinzi wa duka alikuwa na redio yake ndogo. Ndiye aliyetupa habari, kwa sauti ya mtu anayetaja msiba: “Kagonga mwamba.”

Aliyeniokoa ni kijana wa bodaboda. Hakuniuliza. Alisukuma pikipiki yake mpaka nyuma ya kibanda, akafungua tangi, akatoa kipande cha mpira wa maji chini ya kiti, akanyonya kwa mdomo. Petroli ikamjaa kinywani kabla hajawahi kuitoa, akatema, akakohoa, akaelekeza mpira kwenye kopo langu la rangi. “Vuta,” akasema, machozi yanamtoka. Lita moja hivi. Nikamimina nusu nyingine chini kwa kutetemeka. Mvuto wa nne mashine ikashika.

Televisheni ilichukua muda wake kuamka. Picha iliporudi walikuwa tayari kwenye mapigo ya penalti, na Abreu wa Uruguay ndiye anauendea mpira. Akaudokoa taratibu katikati, kama mtu anayemrushia mtoto embe. Tukaona hiyo tu. 4-2. Kati ya yote yaliyotokea usiku ule, kibanda changu kiliwaonyesha Waswahili wa Mwanga pigo moja, nalo la kututoa.

Kuna waliodai hela zao, nikarudisha. Kuna waliosema Gyan alikosa kwa sababu nilizima. Hao walikuwa wengi na walikuwa wanamaanisha kabisa, mtu mzima anakutazama machoni anakwambia, “Ungewasha, angefunga.” Kesho yake nilikuta kwenye turubai mtu ameandika kwa mkaa: WAKA AMEZIMA AFRIKA. Sikuifuta. Fainali, ya Hispania na Uholanzi, nilionyesha watu kumi na tisa, na dumu zima la petroli limekaa pembeni yangu. Iniesta alifunga dakika ya 116. Nilikuwa na mafuta ya mpaka asubuhi.

Dada alikuja wiki iliyofuata. Hakupiga kelele, yeye akikasirika sauti inashuka. Alikaa kwenye benchi lililogongewa misumari, akaangalia jenereta, akaangalia dishi, akaangalia spika. Akaona hela yake yote, imesimama mbele yake, haibebeki kwenye treni.

“Hivi wewe,” akaniuliza, “nani alikutuma?”

Kila Mswahili ameshaulizwa hilo swali na anajua halina jibu. Ukisema hakuna aliyenituma, umejimaliza. Ukitaja mtu, umeongeza uongo. Nilinyamaza. Niliuza jenereta kwa mwenye mashine ya kusaga, nikauza dishi, na kilichopungua nilikilipa kwa mgongo, misimu miwili nabeba madumu yake mpaka stesheni, mawese yananitiririka shingoni. Televisheni aliichukua yeye. Mpaka leo iko sebuleni kwake, haiwaki, ameiwekea kitambaa na maua.

Sasa, nilipokuwa nasoma zile habari za Golden Sounds ndipo nikakutana na maana ya neno lenyewe, Zangalewa, ambalo mpiga debe wetu alilisikia kama kulewa. Wanaeleza kwamba limetokana na swali la lugha ya kwao Cameroon, wanaloulizwa askari wapya wakianza kulia na shida za jeshi: nani amekutuma?

Nilifunga ile simu nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuangalia. Nilitaka kumpelekea Papa habari, lakini alikuwa amesharudi kwao Kalemie, na baraza lake wameweka duka la vifaa vya simu.

Nyimbo za makombe zimekuja nyingi tangu hapo na mimi huzipima kwa kitu kimoja: watoto wa Mwanga wanaziimba au hawaziimbi. Ya Brazil mwaka 2014, ya Pitbull na Jennifer Lopez, haikufika hata barabarani. Mwaka 2018 Diamond, ambaye sisi Kigoma tunamhesabu wetu, aliingia kwenye ule wa Coca-Cola na Jason Derulo. Tulijivuna, tukaucheza wiki moja. Qatar mwaka 2022 alikuwepo Davido. Watu waliitikia vichwa. Naona zilikuja zimepikwa zikaiva, hakuna mahali pa mtu kuweka chumvi yake. Sijui kama wa AFCON 2027, inayokuja kwetu, Kenya na Uganda, utamwachia mtu nafasi ya kusikia vibaya. Naombea hivyo.

Yule kijana wa bodaboda sasa ana bajaji na mvi mbili tatu. Kila akiniona, hata msibani, ananiita kwa mbali, “Waka! Lita yangu!” Nimejaribu kumlipa mara nyingi. Hataki hela. Anasema alitoa mafuta usiku wa manane mwenzake akiwa amekwama, kwa hiyo atalipwa mafuta, usiku, yeye akiwa amekwama.

Agosti 2025, usiku ule Morocco walipotutoa kwenye CHAN kwa bao 1-0 pale Benjamin Mkapa, simu yangu ikaita. Bajaji imezima njia ya Ujiji, na vituo vya jirani vimefunga. Nikabeba lita moja kwenye chupa ya maji, nikapanda bodaboda ya mtu mwingine, nikamkuta amekaa juu ya jiwe ananisubiri kwa furaha kama bwana harusi. Alimimina yote, akakung'uta chupa mpaka tone la mwisho, akawasha. Ikashika mara moja. Nikamwambia, haya, tumemalizana.

“Hiyo ni ya mafuta,” akasema, anageuza usukani. “Ya kunyonya bado.”